Kaprogramu ka hali ya hewa kalikuwa kanakufa kakikuta saa 24, nimekapatia dawa

Wakuu, hii imenila siku tatu. Mjomba ana mitumbwi ya dagaa Igombe, nikamtengenezea kaprogramu ka Python kanasoma TAF (utabiri wa hali ya hewa wa marubani) ya uwanja wa ndege wa Mwanza (kodi yake HTMW) halafu kanamtumia meseji jioni kabla vijana hawajaingia ziwani na taa. Kuna siku kanatuma freshi, kuna siku kimya, na ubaya kimya chenyewe kinakuja siku za radi!! Nikadhani bando, nikabadili laini, wapi.

Kufungua logi nakuta "hour must be in 0..23". TAF yenyewe ilikuwa na TEMPO 1220/1224 TSRA, yaani tarehe 12 kuanzia saa 20 mpaka saa 24 UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa 3), ngurumo na mvua za muda muda. Kumbe kwenye TAF 24 ni halali kabisa kipindi kikiishia usiku wa manane, ila datetime ya Python (inayoshika tarehe na saa) mwisho wake 23, na kalaibrari (kodi iliyoandikwa na wengine) nilikotumia kusoma TAF kanaipelekea namba hivyo hivyo bila kuuliza.

Dawa: saa ikiwa 24 weka 0, halafu ongeza timedelta(days=1), yaani siku moja. Usijumlishe tarehe kwa mkono, mwisho wa mwezi utapata tarehe 32.

Halafu jumlisha 3 kutoka UTC, na mjomba anahesabu saa za kwetu kwa hiyo toa 6 kwenye mzunguko wa saa 12 (23 toa 6 ni 17, yaani saa 5). Jana imetoka: "radi saa 5 usiku mpaka saa 9". Kajibu "sawa" tu, mitumbwi ikalala nchi kavu.