Nilimtafuta kwa kazi yake: kutoka Ukerewe hadi Dublin

Katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha bibi yangu huko Nansio, Ukerewe, kuna barua iliyokunjwa mara nne na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ni barua ya sifa. Iliandikwa Mwanza mwaka 1929 na daktari wa serikali ya kikoloni kwa ajili ya dresa wake, kueleza kwamba kijana huyo ni msafi, halewi, anajua kuosha na kufunga vidonda, na anaweza kuaminiwa kupiga sindano za buba bila kusimamiwa. Dresa huyo alikuwa mjomba wa bibi. Daktari aliyeiandika alikuwa Mwayalandi, naye ndiye aliyekuja kuwa baba wa bibi, miaka miwili baadaye.

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimtafuta mtu huyo katika nyaraka za kwao, nikiwa hapahapa Mwanza, mara nyingi usiku wa manane kwa bando la usiku, watoto wakiwa wamelala. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa wajukuu wa ndugu zake wapo hai na sijawaomba ruhusa. Ninachotaka kueleza ni njia niliyopita, kwa sababu najua kandokando ya ziwa hili ziko familia nyingine zenye babu wa namna hiyo, ambazo zilikata tamaa baada ya kuandika jina mtandaoni na kuletewa watu wasio na idadi.

Mimi pia nilianza na jina. Majina ya Waayalandi hujirudia mno: katika kaunti moja unaweza kukuta makumi ya watu wenye jina moja la kwanza na jina moja la ukoo, na jina hilohilo likaandikwa kwa O' katika daftari moja, bila O' katika la pili, na kwa tahajia ya Kigaeli, lugha ya asili ya huko, katika la tatu. Nilimpata daktari mwenye jina lile, mzaliwa wa Cork, nikamfuata kwa miezi minane, nikamwandikia barua mtu wa ukoo wake, na nikamwambia bibi kwamba tumepata kwao. Hakuwa yeye. Kurudi Nansio na kumweleza bibi kwamba watu niliokuwa nimemsomea majina yao si watu wake kuliniuma sana, na tangu siku ile sikumpelekea habari yoyote mpaka nyaraka mbili zisizotegemeana ziwe zimesema jambo lilelile.

Kilichonirudisha njiani ni herufi. Chini ya saini, kwa wino uliopauka hadi kufanana na chai ya rangi, daktari aliandika herufi ambazo nilikuwa nikizipita kila mara bila kuzisoma: L.R.C.P.I., kisha L.R.C.S.I. Maana yake ni kwamba mwenye saini alikuwa na leseni ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Ayalandi, ambacho chanzo chake ni mwaka 1654, na leseni ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji cha Ayalandi, kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1784. Vyote viwili viko Dublin. Yule wa Cork alikuwa na shahada ya chuo kikuu na hakuwa na leseni hizo. Herufi kumi zilitosha kunionyesha kwamba miezi minane ilikuwa imepotea, na zilinifundisha kumtafuta mtu huyu kwa kazi yake kwanza.

Daktari, tofauti na mkulima au mvuvi, alilazimika kuandikwa tena na tena na watu wasiomjua. Sheria ya Madaktari ya mwaka 1858 iliunda Baraza Kuu la Madaktari lililosimamia Uingereza, Uskoti na Ayalandi, na kuanzia mwaka 1859 baraza hilo lilichapisha rejesta ya madaktari wote waliosajiliwa. Kila mstari una jina, anwani, tarehe ya kusajiliwa, na leseni au shahada alizopata pamoja na mwaka wake. Herufi E, S au I huonyesha kama alisajiliwa Uingereza, Uskoti au Ayalandi. Kwa kuwa kitabu hicho kilitolewa upya kila mwaka, unaweza kumwona mtu akihama. Babu yetu alisajiliwa Dublin mwaka 1909, anwani yake ikiwa mji mdogo wa kaunti ya Galway. Kisha anwani ikabadilika, ikabadilika tena, na katika toleo la mwaka 1927 mstari uleule, wenye leseni zilezile mbili, ukaishia kwa maneno mawili: Mwanza, Tanganyika. Niliuchapisha ukurasa ule, na mpaka leo umebandikwa ukutani juu ya meza yangu.

Hapa ni lazima nieleze habari ya moto, kwa sababu yeyote anayegusa nasaba za Ayalandi atakutana nao. Mwishoni mwa Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Nyaraka za Umma iliyokuwa kwenye jengo la mahakama la Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuteketea, na pamoja nayo zikateketea sensa za mwaka 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande vichache, wosia za karne nyingi, na zaidi ya nusu ya madaftari ya parokia za Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana. Sensa za mwaka 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa kabla ya hapo kwa amri ya serikali, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi hufika hapo wakageuka nyuma. Lakini rejesta ya madaktari ilikuwa kitabu cha kuchapishwa, kilichosambazwa katika maktaba nyingi. Vyuo vya Dublin vilitunza madaftari yao vyenyewe. Madaftari ya parokia za Kikatoliki yalikuwa makanisani, na tangu mwaka 2015 picha zake zinasomwa bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote, ulioanza mwaka 1864, nao ulikuwa katika ofisi nyingine ukapona. Hata wosia zilizoungua ziliacha kivuli, maana muhtasari wake uliochapishwa tangu mwaka 1858 upo, na hutaja jina la marehemu, mahali alipofia, mara nyingi kazi yake, na nani alikabidhiwa mali.

Sensa za mwaka 1901 na 1911 zipo nzima na hazilipiwi. Ile ya 1911 ilihesabu watu waliolala nyumbani usiku wa tarehe 2 Aprili, na karatasi zilizohifadhiwa ndizo zilezile alizojaza mkuu wa kaya kwa mkono wake. Ndiyo maana nilipofungua karatasi ya nyumba ile ya Galway niliona mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika dawa, ulioinama na wenye haraka: mkuu wa kaya, miaka 58, daktari wa zahanati; mke; binti, muuguzi wa hospitali; mwana, miaka 24, hajaoa, daktari. Karatasi nyingine ya askari aliyehesabu nyumba ilisema kuta ni za mawe na ikahesabu madirisha ya mbele. Nilikaa na karatasi hizo mbili usiku kucha, kwa kuwa sikuwa nimetegemea kwamba baba yake naye angekuwa daktari.

Kazi ya zahanati ya Ayalandi ilinishangaza kwa jinsi inavyofanana na mambo tunayoyajua. Sheria ya mwaka 1851 iliigawa nchi katika maeneo ya zahanati chini ya bodi zilizoendesha nyumba za maskini, na kila eneo likaajiri daktari. Maskini alipewa tiketi: nyeusi ikiwa anaweza kwenda mwenyewe zahanati, nyekundu ikiwa daktari lazima amfuate nyumbani, usiku au mchana, mvua au jua. Bodi hizo ziliandika kumbukumbu za kila kikao, na ndani yake mna mishahara ya madaktari, likizo zao, kura zilizopigwa wakati wa kuwaajiri na malalamiko ya wagonjwa. Madaftari hayo yako katika hifadhi za nyaraka za kaunti, na kwa anayetafuta daktari wa kijijini hayana mfano. Daktari aliyejulikana zaidi huenda ana bahasha yake katika mkusanyiko wa T. Percy Kirkpatrick, aliyetumia miaka mingi kukata habari za madaktari wa Ayalandi magazetini. Mkusanyiko huo unatunzwa na chuo cha matabibu Dublin.

Baba wa daktari wetu naye alinipa babu wake. Cheti cha ndoa cha Ayalandi kina safu ya kazi ya baba wa bwana harusi, na katika cheti cha mwaka 1881 safu hiyo imeandikwa kwamba alikuwa mtengeneza dawa, yaani mmoja wa wale waliopewa leseni na chama chao cha Dublin kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1791. Vizazi vitatu vya tiba katika nyumba moja.

Kwao si jambo geni. Zamani za watawala wa Kigaeli, uganga ulikuwa wa koo: akina Cassidy waliwatibu watawala wa Fermanagh, akina Hickey waliwatibu watawala wa Thomond, na jina lenyewe la Hickey linatokana na neno la Kigaeli lenye maana ya mponyaji. Kwa mtu aliyekulia Usukumani, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinahusishwa na waganga wawili walioshindana kwa nguvu za dawa zao, habari hiyo haihitaji maelezo marefu.

Upande wetu wa maji, njia ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, daktari wetu alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi, na kadi yake ya medali, iliyo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, inataja Afrika Mashariki. Mwanza ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916. Baada ya vita akaingia serikalini. Gazeti la Serikali la Tanganyika lilichapisha uteuzi, uhamisho na likizo za maofisa, na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza hadi mwaka 1960 zinaonyesha umri na kazi ya msafiri. Reli ya Tabora ilikuwa haijafika Mwanza hadi mwaka 1928, kwa hiyo naamini mara ya kwanza aliporudi kutoka likizo alipita Kisumu na kuvuka ziwa kwa meli. Hakuwa Mwayalandi wa kwanza mwenye leseni ya Dublin kufika huku. Thomas Heazle Parke, mtu wa Drumsna, alipita kusini mwa ziwa mwaka 1889 akiwa daktari wa msafara wa Stanley, wakapumzika Usambiro kwenye kituo cha mmisionari Mackay kabla ya kuteremka Bagamoyo. Sanamu yake ipo Dublin, mbele ya jumba la makumbusho.

Dresa hana sanamu wala mstari. Kuhusu binti muuguzi, niliweza kumfuata kidogo, kwa sababu Ayalandi ilianza kusajili wakunga kwa sheria ya mwaka 1918 na wauguzi kwa sheria ya mwaka 1919. Mjomba wa bibi, aliyepiga sindano za buba kwa maelfu ya watu wa kisiwani na pwani, nimemtafuta katika kila daftari nililoweza kulifikia, na ushahidi wake pekee ni ile barua. Mama yake bibi hana hata hiyo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimejua madirisha ya nyumba ya Galway yalikuwa mangapi na sijui mwaka aliozaliwa mwanamke aliyemlea bibi yangu.

Nilipokuwa na hakika nilivuka kwenda Nansio nikiwa na karatasi ya sensa iliyochapishwa. Mwaka 1911 wanawake walioolewa waliulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi bado wapo. Nikamsomea bibi: miaka 29, watoto 9, waliopo 6. Nilidhani atauliza habari za baba yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, na wale watatu walifia wapi?"

Nimewapata wawili. Katika daftari la vifo la Ayalandi, safu ya kazi ya mtoto mdogo hujazwa kazi ya baba yake, hivyo niliwatafuta kwa maneno "mtoto wa daktari" katika wilaya ile ya usajili. Mmoja alikufa kwa dondakoo akiwa na miaka minne, mwingine kwa surua kabla ya kutimiza miwili, na katika safu ya aliyekuwepo wakati wa kifo na kutoa taarifa, mara zote mbili, ipo saini ya baba. Bibi anataka majina yao yasomwe katika misa ya marehemu hapo parokiani, lakini amesema hatayapeleka mawili bila la tatu. Nimefika mwaka 1895.