Jua la Utosini Kayabwe, Nairuzi Kikaya

Kayabwe iko kilomita zipatazo 72 kutoka Kampala, kwa barabara ya Masaka, mahali ikweta inapopita. Niliondoka alfajiri ya tarehe 20 Machi 2025, siku ya sikusare, yaani siku jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini. Mkobani nilikuwa na fimbo ya chuma ya mita 1, timazi, pimamaji, ubao bapa na karatasi nyeupe.

Huko Uajemi (Iran) siku hii ni Nairuzi, yaani mwaka mpya, na hufungua majira ya kuchipua. Kayabwe haina majira hayo. Hapa kinachobadilika ni kivuli: jua likifika utosini, kitu kilichosimama wima hakina kivuli.

Wengi husimama kwenye duara jeupe la ikweta saa sita kamili, wakaona kivuli bado kipo, wakaondoka. Kosa ni la saa tu. Saa za Afrika Mashariki zimefuata longitudo 45, na Kayabwe iko karibu na 32. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua linachelewa dakika 52. Mwezi Machi ongeza nyingine 7, kwa kuwa dunia haiendi mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama. Jua linafika utosini saa saba kasoro dakika moja.

Ubao nikausawazisha kwa pimamaji, kisha nikapima fimbo kwa timazi kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Upande mmoja hautoshi. Fimbo ikilala digrii 1 tu, hutoa kivuli cha milimita 17 wakati ambapo hakutakiwi kuwa na chochote. Kuanzia saa tano na nusu nilitia nukta kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Anza mapema hivyo, maana Machi ni mwezi wa mawingu. Wingu likikufunikia dakika yenyewe, nukta zilizotangulia zitakuonyesha njia. Zilijipanga kwenye mstari ulionyooka, magharibi kwenda mashariki, ukielekea shinani mwa fimbo. Mwezi Juni mstari huo hupinda.

Saa saba kasoro moja kivuli kikaingia chini ya fimbo. Dakika 4 baadaye kilikuwa kimetoka upande wa mashariki, milimita 17.

Hata hivyo, fimbo hii haiwezi kukuambia sikusare ni leo au kesho. Kwa siku moja jua husogea digrii 0.4, sawa na milimita 7 kwa fimbo ya mita 1, na ukingo wa kivuli wenyewe una ukungu wa milimita 9, kwa sababu jua ni duara, si nukta. Na yale mabeseni ya maji wanayoonyeshwa wageni kando ya barabara, maji yakizunguka kulia upande mmoja wa ikweta na kushoto upande wa pili? Hatua chache kutoka ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu hiyo. Maji hufuata jinsi yalivyomiminwa.

Alasiri nilikuwa Kikaya, Kampala, kwenye hekalu la Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanzia Uajemi. Lilifunguliwa Januari 1961. Lina pande 9, milango 9 na kuba la kijani. Awali hekalu lilikusudiwa Tehran. Mateso ya Wabahai huko ndiyo yaliyolileta kwenye kilima hiki. Ndani hakuna mahubiri wala ala za muziki, ni sauti ya binadamu tu ikipanda kubani.

Mfungo wao wa siku 19 ulikuwa umeisha jana yake magharibi. Nairuzi yao hupimwa kwa Tehran: jua likivuka ikweta kabla halijatua huko, siku hiyo ndiyo Nairuzi. Mwaka huo lilivuka saa 6:31 mchana ya Tehran, saa 6:01 ya Kampala. Kivuli cha Kayabwe kilipotea dakika 58 baadaye.

Neno Nairuzi si geni pwani. Ndiyo asili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, ila mwaka ule wa siku 365 hauna siku ya nyongeza, hivyo hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Sasa unaangukia Julai, mbali na sikusare.

Jua lilitua saa moja kamili, magharibi halisi. Mchana ulikuwa wa saa 12 na dakika 7, si 12 kamili, kwa kuwa hewa huupinda mwanga na kutuonyesha jua ambalo limekwisha kushuka, na pia kwa kuwa mchana huhesabiwa kwa ukingo wa juu wa jua, si katikati yake. Kwa Wabahai ilikuwa tayari siku ya pili ya Baha, mwezi wa kwanza wa mwaka wao, maana siku yao huanza jua linapotua.