Mashaka na sakafu yetu

Mbwa wetu Mashaka nilimtoa kwenye gereji moja hapa Kihonda, Morogoro, mwezi Machi, masika yakiwa ndiyo yameshika. Alikuwa kafungwa mnyororo mfupi juu ya sakafu ya saruji, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Mwenye gereji alikuwa anahama, akasema nisipomchukua atamfungulia akajitafutie. Jina alipewa na mama mkwe alipomwona anashuka kwenye bajaji: "Haya ni mashaka, mwanangu." Likaganda hilohilo, ingawa mtaa wa pili kuna mzee anaitwa hivyo na ikabidi tuwe tunamwita mbwa kwa sauti ya chini.

Mbwa kwetu hulala nje. Huyu alikuwa anatetemeka kwa mvua, nikamtandikia gunia kwenye korido ya nyuma, karibu na jiko. Mama mkwe ni mtu wa swala tano. Mbwa wa ulinzi uani hana neno naye, mbwa wa koridoni hapana. Akachukua mswala wake akahamia chumbani, mlango akaufunga. Kulipokucha nikatoka kuwasha moto, nikakanyaga. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nilikuwa peku.

Wiki tatu nzima nikawa naamka saa kumi usiku kupiga deki kabla ya alfajiri. Kinyesi chenyewe kilikuwa laini kama uji, cha njano, kina utelezi wa kamasi na harufu inayokufuata hadi sebuleni. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Nikampa maziwa apate nguvu, akaharisha maradufu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mbwa wakubwa wengi matumbo yao hayayawezi maziwa. Duka moja la dawa za mifugo likaniuzia kidonge cha minyoo bila hata kuuliza mbwa ana kilo ngapi. Akakitapika. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamfokea na kandambili mkononi. Hakuacha. Alichojifunza ni kujisaidia nyuma ya gunia la mkaa, mahali ambapo ningechelewa kupaona.

Mwishowe nikampeleka hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nikaanza kumsimulia daktari kwa kirefu, akanikata kwa upole: niende nikalete choo. Kibichi, kwenye kopo safi, na cha siku tatu tofauti, kwa sababu kimelea anayemshuku haonekani kwenye kila kinyesi. Jibu likaja: giadia, kimelea kidogo sana cha utumboni, na minyoo ya safura juu yake. Akapimwa, kilo 11. Akaandikiwa fenbendazoli, dawa ya minyoo inayotibu na giadia, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku tano.

Dawa ilikuwa nyepesi, kazi ilikuwa usafi. Giadia hunata kwenye manyoya, mbwa akijilamba anaimeza upya. Kwa hiyo siku ya mwisho ya dawa nilimwosha mkia na mapaja kwa sabuni, nikachoma gunia lake, bakuli nikaliloweka kwenye maji ya moto, na kila kinyesi nikakizoa papo hapo. Chakula kilikuwa wali laini na kifua cha kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kidogo kidogo mara nne kwa siku. Ugali wa dona na dagaa waliooshwa nilivirudisha taratibu, kijiko kwa kijiko, kama siku kumi hivi.

Siku ya sita akatoa kinyesi kigumu. Nilimpigia mke wangu kazini kumwarifu. Hakuona kama ni habari ya kupigiana simu.

Tatizo ni kwamba hicho kigumu nacho alikiacha koridoni. Tumbo limepona, mbwa bado anachafua nyumba. Hapo ndipo nikaanza kumtazama badala ya kumfokea. Nikimtoa kwenye majani anainua miguu mmoja mmoja kama anakanyaga miiba, anajibana, anaomba kurudi, na akigusa sakafu tu anachuchumaa. Nikakumbuka gereji. Maisha yake yote choo chake kilikuwa saruji, na mimi nilikuwa nimemleta kwenye nyumba ya saruji.

Kulikuwa na kipande cha zege kilichobaki tulipojenga. Nikakiburuta hadi kwenye ua wa michongoma, nikakipaka kinyesi chake cha asubuhi ile. Kila akiamka, na dakika ishirini baada ya kula, namfunga kamba tunakwenda kusimama pale. Siku mbili tulisimama bure, majirani wakitutazama. Ya tatu akachuchumaa. Kipande cha ini kilikuwa mfukoni, nikampa palepale kabla hajageuka. Kisha kila baada ya siku mbili nikawa namwaga mchanga kidogo juu ya zege, likapungua na kupungua hadi likafukiwa, naye akaendelea kama kawaida.

Korido nayo ilihitaji kuvuliwa harufu, maana saruji isiyo na vigae hunyonya mkojo. Dawa ya kudekia yenye amonia iliharibu zaidi, kwa mbwa inanukia kama mkojo. Nilisugua kwa sabuni, nikasuuza, nikamalizia na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Siki na Jik (ile dawa ya klorini) usizikutanishe, zinatoa hewa ya kudhuru.

Katikati ya Mei, saa nane usiku, mvua inapiga bati, nikasikia kucha kwenye mlango wa nyuma. Nikatoka na mwavuli. Alikwenda moja kwa moja hadi michongomani, maji yanamtiririka masikioni, akachuchumaa. Dirisha la chumba cha mama mkwe likafunguka kidogo.

"Kamaliza?" akauliza.

"Kamaliza, mama."

"Basi mfute miguu kabla hajaingia."