Radi isipewe sifa za udongo

Sisi wa Bukoba radi zetu nyingi huja alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa, Ziwa Victoria linabaki na joto lake. Pepo za kutoka kingo zote hukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unatuletea mzigo wote kabla hatujashika jembe. Kwa mwaka tunapata mvua ya milimita 2,000 hivi. Mwanza, ng'ambo ya ziwa lilelile, hupata kama nusu yake.

Mzee mmoja jirani yangu, kila ngurumo zikipita na mchicha ukang'aa, huniambia, "Radi ni mbolea, mwanangu." Namheshimu sana, na neno lake lina ukweli ndani. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, ila atomu zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauwezi kuzitumia. Radi inapopita, joto la njia yake hufika nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Hapo zinaachana, zinaungana na oksijeni, na mwishowe zinashuka na mvua zikiwa naitreti, yaani naitrojeni ambayo mizizi inaweza kuinyonya.

Lakini ni kilo chache tu za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka mzima. Maharage yaliyopandwa katikati ya migomba huingiza nyingi zaidi kupitia vinundu vya mizizi yake, vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

Basi kile kijani kinatoka wapi? Jibu lilipatikana hukuhuku kwetu Afrika Mashariki. Mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nchini Kenya, alichapisha mwaka 1958 matokeo yake kuhusu udongo uliokauka kisha ukaloweshwa. Kiangazi huua vijidudu vingi vya udongoni. Mvua ya kwanza ikigusa, waliosalia huamka na kula mabaki kwa pupa, na naitrojeni iliyokuwa imefungwa kwenye mboji inafunguka kwa wingi ndani ya siku chache. Ni hazina ya bustani yako mwenyewe! Ila mvua kubwa zikifuatana, naitrojeni hiyo inazama chini mizizi isikofika. Ndiyo maana mimi huatika miche mapema, ili ngurumo za kwanza za vuli zikilia iwe tayari kuingia shambani, na sipendi kabisa kuona mtu anaanza kulima wakati huo.

Dhoruba yenyewe pia ina madhara. Mvua ya mawe huchana majani, upepo huangusha migomba yenye mikungu, na matone mazito hurusha tope lenye vimelea hadi kwenye majani ya chini ya nyanya. Nyasi kavu za kutandaza chini ya mashina huzuia hilo vizuri.

Kitu kinachowachanganya watu wengi ni radi kupiga bustani yenyewe. Unakuta duara la nyanya au viazi vimelala, pembeni yake mimea mizima kabisa. Wengi husema ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa udongoni unaonyausha mmea mzima, wakang'oa kila kitu. Subirini kwanza! Mnyauko huendelea kusambaa wiki baada ya wiki. Duara la radi linabaki pale pale. Pasua shina la nyanya: lililopigwa na radi mara nyingi kiini chake kimekauka na kuacha vipingili kama ngazi. Lenye bakteria, ukikata kipande na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi, hutoa nyuzinyuzi nyeupe kama maziwa.

Kama ni radi, ng'oa mimea iliyokufa na upande tena hapohapo, udongo hauna kosa. Kama ni bakteria, nyanya, viazi, biringanya na pilipili zisirudi hapo kwa misimu kadhaa, weka mahindi. Na ngurumo ikisikika ukiwa bustanini, usijibanze chini ya mparachichi. Acha jembe, ingia ndani ya nyumba, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.