Siku ya Kukanda Tuta

Agosti ile bwawa lilikuwa limeshuka karibu nusu mita, na chini ya tuta, upande mkavu, nyasi zilikuwa mbichi kuliko kwingine kote. Aliyezoea mabwawa akiona kijani cha namna hiyo wakati wa kiangazi hahitaji kuulizia. Maji yanapita hapo.

Bustani ni ya Uingereza, mpangilio wake ni wa Lancelot Brown, mbunifu wa bustani wa karne ya 18, aliyepachikwa jina la Capability kwa mazoea yake ya kuwaambia wenye ardhi kwamba mahali pao pana uwezo. Alibatizwa katika kijiji cha Kirkharle mwaka 1716, akaanza kazi kwenye bustani ya Stowe mwaka 1741, na sifa zake nyingi ni za majani na miti. Lakini kazi nzito ilikuwa ya udongo na maji. Kule kwenye kasri la Blenheim aliuziba mto mdogo wa Glyme mpaka vyumba vya chini vya daraja lililosanifiwa na Vanbrugh vikazama.

Tulichimba mtaro wa upana wa mita moja kutoka juu ya tuta hadi tukafikia kiini kinachozuia maji: udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, ungali unanata baada ya miaka zaidi ya 200. Kosa lilijionyesha. Mti uliojiotea juu ya tuta ulikuwa umekatwa zamani, kisiki kikaachwa, mzizi ukaoza na kubakiza tundu la kuingia mkono. Kukata peke yake hakutoshi. Mzizi hung'olewa, na pengo lake likajazwa siku hiyohiyo.

Udongo mpya wa kujazia mtaro haupokelewi kwa kuutazama. Loanisha, sokota kipande cha urefu wa sentimita 30 na unene wa kama sentimita mbili na nusu, shika ncha moja, ukiache kining'inie. Kikikatika, mchanga umezidi. Lori la kwanza lilirudi na mzigo wake, dereva akinuna.

Tuliujaza kwa matabaka, kila moja la sentimita 15. Maji kidogo, kisha kukatakata kwa sepetu, ncha izame hadi ndani ya tabaka la chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: juu wanapakanyaga vizuri, lakini matabaka hayakushikana, na maji yanapenya katikati yake. Baada ya sepetu ni kisigino cha buti. Ukisikia "pwa" chini ya mguu, hewa bado imo, rudia. Zamani kazi hii iliwahi kufanywa na ng'ombe, wakipitishwa huku na huku, na saa nane mchana nilielewa kwa nini.

Wakati wa chakula mtu alisahau kuufunika udongo kwa magunia mabichi. Jua na upepo, kama saa moja tu, na uso wa tabaka ukafanya ganda. Ganda halishikani na tope jipya. Tulilikwangua lote, tukaloanisha, tukakata upya. Nusu ya mchana ikaishia hapo.

Jioni mwenye nyumba alishuka kutazama. Alifurahia mtaro, kisha akauliza kama ile miti mitatu iliyobaki juu ya tuta ingeweza kusalimika, maana inapendeza kutoka dirishani. Iling'olewa Alhamisi, na mizizi yake.