Kuku Walinishinda, Mayai Yakanikubali

Hesabu ya kwanza niliifanya nyuma ya risiti ya saruji, mwanzoni mwa 2021, siku ambayo wateja walikuwa wachache dukani. Kuku 300 wa mayai, kila kuku yai moja kwa siku, ni trei 10. Trei nilikuwa nasikia hapa Morogoro inauzwa 7,500 kwa jumla. Kwa hiyo 75,000 kwa siku, 2,250,000 kwa mwezi. Nikatoa chakula, ikabaki karibu laki tisa. Mshahara wangu pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi haukufika nusu ya hapo. Ile risiti niliikunja nikaiweka kwenye pochi, na wiki nzima kila nikiifungua moyo ulikuwa unanienda mbio.

Naandika haya kwa sababu naona watu bado wanatumiana hesabu za namna hiyo kwenye simu: za kuku, za matikiti, za hoho. Najua zinavyoumiza. Kuzidisha kwenyewe kuko sawa. Shida ni kwamba hesabu ile haikuuliza kuku anakula nini kabla hajataga, wala haikuuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mpaka afike hapo ameshakula kilo saba na zaidi. Kwa kuku 300 hizo ni tani mbili na ushee, kama mifuko 45 ya kilo 50, na bado hujaokota hata yai moja. Mimi nilikuwa nimetenga chakula cha miezi miwili. Mkopo wa SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa, milioni nne, uliishia kwenye banda (1,400,000), vifaranga (840,000), vyombo, mkaa wa kuwapa joto, dawa, na hicho chakula cha miezi miwili. Marejesho yakaanza vifaranga wangu hawajakamilisha hata manyoya. Mwezi wa tatu nikamwendea dada yangu, wa nne nikauza cherehani. Ile cherehani mpaka leo naikumbuka.

Halafu ikaja ile wiki mbaya. Nilikuwa nimemwajiri kijana wa kuangalia banda, kijana mwaminifu, kwa sababu mimi natoka nyumbani Kihonda saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni. Chanjo ya marudio ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja, ilikuwa imefika siku yake. Nilinunua dawa, nikaiweka kwenye barafu, nikamwachia na maelezo ya haraka mlangoni huku bodaboda inaningoja. Chanjo ile ni kitu hai. Inatakiwa maji safi yasiyo na klorini, kuku wawe wameachwa na kiu kidogo, iwekwe alfajiri kukiwa na ubaridi na iishe ndani ya saa mbili hivi. Kijana aliikoroga kwenye maji ya bomba, saa sita mchana, kwenye lile jua letu la mwezi wa kumi. Hakukosea yeye. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, na mwenye banda alikuwa kaunta anapima nondo.

Wiki tatu baadaye nikaona kuku wa kwanza amepinda shingo. Kinyesi kikawa cha kijani. Ndani ya siku nane nilizika kuku 84, nikijumlisha na watano waliokufa udogoni wakabaki 211. Nilikuwa nachimba shimo usiku nikitoka kazini, mwanangu ananishikia tochi.

Waliobaki walitaga, lakini si kama kwenye risiti. Siku nyingi walitoa asilimia 70, yaani mayai 148 hivi, trei tano kasoro mayai mawili. Ukiuza unapata kama 37,000. Kuku 211 wanakula kilo 25 kwa siku, na kwa bei ya mfuko niliyokuwa nanunulia, hiyo ni zaidi ya 31,000. Kwa elfu sita inayobaki ulipe kijana, dawa, maranda na mkopo.

Kule Bigwa, chini ya mlima, kuna mama mmoja mfugaji wa miaka mingi ambaye alikuwa ananiuzia mayai kila yangu yakipungua. Siku moja Jumapili nikaenda kumlilia hali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kupepeta dagaa wa kuchanganyia chakula. Kisha akaniuliza, "Kuku wako asubuhi wanaamka na sauti gani?"

Sikujua. Nilikuwa na kuku miezi tisa na sikujua.

"Mimi nikifika mlangoni," akasema, "nasimama kwanza nasikiliza. Kuna sauti ya kiu, kuna sauti ya kubanwa kifua, kuna sauti ya amani. Nikishasikia ndiyo naingia kuangalia." Hakunisema vibaya. Alinifungia trei tatu nilizozifuata, akanisindikiza mpaka barabarani.

Usiku ule nikafungua daftari la mauzo. Miaka tisa dukani imenizoesha daftari, silali bila kuandika. Kurasa za banda zilikuwa na mapengo: siku sijaandika chakula, siku sijaandika vifo. Kurasa za wateja zilikuwa kamili. Kijana wa chipsi wa Mazimbu anachukua trei mbili Jumatatu, tatu Ijumaa, analipa jioni. Mama wa keki anataka mayai makubwa, huagiza Jumatano. Yule wa Msamvu ukimchelewesha saa mbili anahamia kwa mwingine. Haya yote niliyajua kwa kichwa, hata bila daftari. Tena nikaona kitu nilichokuwa nakipita kila siku: miezi minne mfululizo nilinunua mayai ya yule mama ili nisiwakatishe wateja, na pesa iliyonibakia mkononi kwenye mayai yake ilikuwa nyingi kuliko kwenye mayai ya kuku wangu mwenyewe.

Nililia kidogo, nakiri. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mimi ni mfugaji. Niliwaambia hivyo wazazi, kanisani, ofisini SACCOS. Kuacha banda niliona kama kukubali mbele ya watu kwamba nimeshindwa. Lakini kila nikikumbuka asubuhi zangu, ukweli ulikuwa kwamba naingia bandani kwa kujilazimisha, natoka haraka, na kwenye pikipiki nikiwa na trei mapajani ndipo nachangamka.

Safari hii sikufanya hesabu ya mwaka. Nilifanya ya mwezi mmoja, nikaamua kuijaribu bila kuacha kazi na bila kukopa. Trei 20 kwa siku, siku 26, nanunua 7,000 nauza 7,800. Ile 800 nikaipa majina kabla haijafika: bodaboda 4,000 kila siku, mayai ya kupasuka, na wateja watakaochelewa kulipa. Mwisho wa mwezi ilikuwa hivi: faida ghafi 416,000, usafiri 104,000, mayai 214 yaliyopasuka, kama 50,000. Ikabaki 262,000, na kati ya hiyo 93,000 ilikuwa bado mikononi mwa wateja. Ukilinganisha na laki tisa za kwenye risiti ni pesa ndogo. Ila ile iliyolipwa niliishika.

Kuku 211 nilimuuzia yule mama wa Bigwa. Nusu alilipa taslimu, nusu akanilipa kwa trei kidogo kidogo kwa miezi mitano. Taslimu ikapunguza mkopo, trei zikawa mtaji. Kijana wangu akaenda kufanya kazi kwake, na huko ndiko alikofundishwa.

Nikisema nilitoka kwenye kuku nikaingia kwenye mayai watu wanadhani kazi iliisha. Mayai nayo yana elimu yake, tofauti ni kwamba hii naipenda. Kila alfajiri nakaa chini sebuleni, taa nimezima, tochi ya simu nimeielekeza juu. Yai naliweka juu ya mwanga nalizungusha taratibu. Ufa mwembamba ambao macho hayauoni mchana unatokea kama unywele mweupe. Wakati mwingine situmii hata tochi: nachukua mawili mkononi, nayagonganisha kidogo sana. Mazima yanalia kwa sauti kali kama vikombe vya kauri. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Yenye ufa nayatenga kwa ajili ya kibanda cha chipsi kilicho jirani na kwangu, yavunjwe asubuhi hiyo hiyo kwa bei ya chini, na mwenye kibanda anajua ananunua nini. Sijawahi kumpelekea mteja yai lenye ufa katikati ya trei nzima, na sitafanya hivyo.

Kuanzia Oktoba mpaka Februari, joto likipanda, kuku wanahema sana na kula kidogo, maganda yanakuwa mepesi. Miezi hiyo hesabu ya mayai ya kupasuka naiongeza mara mbili, na trei nazipanga tano tano badala ya nane kwenye pikipiki. Mama wa Bigwa naye huwapa chakula saa za ubaridi na kuongeza chokaa. Tunaongea karibu kila siku.

Kilichonitikisa zaidi kwenye biashara hii mpya ni likizo ya vyuo. Mji huu una SUA, chuo kikuu cha kilimo, una Chuo Kikuu Mzumbe pale jirani, una Chuo Kikuu cha Waislamu, na vibanda vingi vya zege, yaani chipsi mayai, vinaishi kwa wanafunzi. Mwaka wa kwanza sikulifikiria hilo. Vyuo vilipofungwa, wateja wangu sita kati ya kumi na mmoja walipunguza oda ndani ya wiki moja, na mimi nilikuwa nimeahidi wafugaji kwamba nachukua kila kitu. Nikajikuta na trei 70 sebuleni na mwanangu analala kwenye kochi chumbani kwangu. Niliuza nyingine kwa bei ya kununulia, nyingine kwa vijana wa mayai ya kuchemsha pale stendi ya Msamvu. Hao vijana sasa ni wateja wa kudumu, lakini wakati ule niliwafuata kwa sababu ya dhiki.

Baada ya hapo nikachora kalenda ukutani: vyuo kufunguliwa na kufungwa, Ramadhani ambapo mchana vibanda vingi havipiki, Desemba ya sherehe na keki. Kila mwezi una idadi yake ya trei. Mkopo kwa mteja nao nimeuwekea mpaka. Haunizidi trei tatu kwa mtu, na trei ya nne haitoki mpaka ya kwanza ilipwe, hata awe rafiki yangu. Siku ya kwanza kumwambia hivyo mteja niliyemzoea nilitetemeka. Nilimwambia, "Kaka, nikikupa hii, kesho sitakuwa na ya kukuletea." Alikasirika siku mbili, akarudi.

Kazi ya dukani niliacha mwaka 2023, baada ya biashara kunilipa kwa miezi kumi mfululizo zaidi ya mshahara, na baada ya kuweka pembeni matumizi ya nyumbani ya miezi minne. Mume wangu ndiye aliyenitaka niweke hiyo miezi minne na nashukuru alisimamia hapo, maana mimi nilitaka kuacha kazi mwezi wa tatu. Najijua nina haraka. Kwa hiyo jambo lolote kubwa sasa nalisema kwake kwanza, nasubiri siku saba, ndipo naamua.

Cherehani bado sijanunua nyingine. Mkopo wa SACCOS umekwisha.

Sasa natoa trei 60 kwa siku, kutoka kwa wafugaji watatu. Juzi nimekuja na wazo la kununua jokofu kubwa ili nitunze mayai wakati vyuo vimefungwa. Nimeliandika, na chini yake nimeandika bei ya umeme, siku unapokatika, na nani atalifungua na kulifunga nikiwa njiani. Bado halijajibu maswali yote, kwa hiyo linasubiri.

Kwa likizo inayokuja nimeshawaambia wafugaji wangu tangu mwezi wa tano kwamba wiki sita za kwanza nitachukua trei 35 tu, ili mwenye kuku waliozeeka awauze nyama wakati huo. Asubuhi ya leo nilipofika Bigwa nikamkuta Mama amesimama mlangoni mwa banda, kanga begani, hajaingia bado. Akaninyooshea kidole ninyamaze. Tukasikiliza wote wawili.

"Wale wa chumba cha pili," akasema baadaye. "Wameanza kuchoka. Hao ndio tutawatoa."