Siku Mzee wa Beijing Alipokosa Kusoma

Agosti 2018 nilikuwa nimetoka kufeli mtihani wa Kichina kwa alama tisa. HSK daraja la nne: jumla ni 300, ukifikisha 180 umepita, mimi nilipata 171. Ulikuwa mwaka wangu wa lugha, ule wa kuandaliwa kabla ya kuanza shahada, na yale maneno 1,200 ya daraja la nne nilikuwa nimeyaandika kwenye madaftari ya miraba mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Kuongea nilikuwa naongea. Sokoni nilikuwa napatana bei mpaka muuza matikiti anawaita wenzake waje kunisikiliza. Tatizo karatasi. Mtu mzima wa miaka 24, niliyekuwa nasomea wadogo zangu barua kule Tanga, nasimama mbele ya rafu ya dukani nabahatisha kama hiki nilichoshika ni chumvi au sabuni ya unga.

Nilikuwa na rafiki Mchina aliyekuwa akisoma Kiswahili chuo kingine hapo hapo Beijing. Watu huwa wanashangaa nikisema hivyo, lakini Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 60. Alikuwa na Kiswahili cha vitabuni, kilichopigwa pasi, hana "yaani" wala "sasa". Aliposikia habari ya zile alama tisa akaniambia, "Dada, usihuzunike. Kesho twende tukatazame sanaa."

Sikuwa mtu wa sanaa. Kwetu picha ya ukutani ilikuwa kalenda, na ikiisha mwaka inafunika madaftari. Nilikubali kwa sababu ukumbini kungekuwa na kiyoyozi.

Tulishuka stesheni ya Jiangtai, tukatembea kwenye jua hadi eneo wanaloliita 798. Lile jina ni namba ya kiwanda. Miaka ya 50 Wachina walijengewa pale viwanda vya vifaa vya elektroniki kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mapaa yenye meno kama msumeno, madirisha yote yameelekezwa kaskazini ili mwanga uingie bila jua kumpiga mfanyakazi machoni. Kazi zilipopungua wasanii wakapanga majengo kwa bei poa. Sasa pamejaa mikahawa na maharusi wanaopigwa picha, lakini kwenye baadhi ya kumbi ukiinua macho unaona bado maandishi mekundu ya kumtukuza Mwenyekiti Mao darini. Hayo niliweza kuyasoma. Mao nilimjua.

Maonyesho yalikuwa ya Xu Bing, kwenye ukumbi wa UCCA ulioanzishwa na mume na mke kutoka Ubelgiji mwaka 2007. Rafiki yangu alinieleza njiani: msanii amezaliwa 1955, amekulia Beijing kwenye familia ya chuo kikuu, vitabu kila kona, kisha ujana wake akapelekwa shamba kama vijana wengi wa wakati ule. Mwaka 1990 akahamia Marekani. Nilimsikiliza nusu. Nilikuwa nawaza zile alama tisa.

Halafu tukaingia.

Juu kulikuwa kumetundikwa karatasi ndefu, pana, zikilegea katikati kama kanga zilizoanikwa siku ya upepo. Ukutani karatasi. Chini, safu kwa safu, vitabu vimefunuliwa, vya ule ushonaji wa zamani wa Kichina, uzi mweupe pembeni. Na kila mahali hanzi, yaani herufi za Kichina, ndogo, nyeusi, zimebanana, zimepangwa kwa adabu ya msahafu. Nilihisi tumbo likikaza. Nimekimbia mtihani, mtihani umenifuata.

Nikainamia kitabu kilicho karibu. Ukijifunza hanzi unafundishwa kutafuta kipande unachokijua: vitone vitatu kushoto, hiyo ina habari za maji, mti ukisimama pembeni, basi ni mti au kitu cha mbao. Nikaviona vitone vitatu. Sawa, maji. Maji gani? Sikuijua. Ya pili, mti, na upande wa kulia kitu kama nyumba yenye miguu. Sikuijua. Ya tatu, ya nne, mstari mzima. Hata zile za darasa la kwanza, mtu, mkubwa, siku, hakuna hata moja. Machozi yakanilenga, na sioni aibu kulisema.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mzee mmoja, shati jeupe la mikono mifupi, feni ya karatasi mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa amekunja uso na kidole kinafuata mistari hewani, juu chini, kulia kwenda kushoto, kama wasomavyo vitabu vya zamani. Midomo inacheza lakini sauti haitoki. Akashusha miwani. Akaipandisha tena. Mwisho akamgeukia rafiki yangu, akamuuliza kwa lahaja ile ya Beijing inayoviringisha ulimi: wewe unaijua hii?

"Sijui, *dàye*," akamjibu kwa heshima anayopewa mzee wa umri wa baba mkubwa.

"Na hii?"

"Hiyo pia sijui."

Mzee akanitazama mimi. Nadhani alitaka kucheka, akaona haifai. "Na huyu mgeni?"

"Mimi nimefeli HSK," nikamwambia. Hapo akacheka.

Kumbe hakuna anayejua. Rafiki yangu alinyamaza makusudi ili nikione kiini macho mwenyewe. Hanzi zote zile, kama 4,000 hivi, Xu Bing alizibuni. Alianza mwaka 1987, anakaa peke yake anachonga vipande vidogo vya mti wa mpea, kimoja kimoja, kinyumenyume kama inavyotakiwa kwenye chapa, kwa mwandiko wa Song ule ule wa vitabu na magazeti. Mistari ni ya kweli, vipande ni vya kweli, sheria za kuvipanga zimefuatwa. Neno lenyewe ndilo halipo. Alipoionyesha mara ya kwanza mwaka 1988, kwenye jumba kuu la sanaa la taifa hapo hapo Beijing, watu wazima waliosoma walitafuta kurasa nzima angalau neno moja. Kazi inaitwa *Tianshu*, kitabu cha mbinguni, na Wachina hulitumia neno hilo hilo kwa andiko lolote lisiloeleweka. "Mama yangu anaita hivyo mwandiko wa daktari," akasema rafiki yangu.

Yeye mwenyewe hakuipenda, na alinieleza akiacha Kiswahili chake cha pasi, akirudi kwenye Kichina cha hasira. Alisema ni rahisi kwa mgeni kuipenda. Mzungu akiingia humu anaona Uchina: hanzi, karatasi, uzi mweupe. Hakuna anachopoteza, maana hata zingekuwa za kweli asingezisoma. "Mimi ndiye ninayenyang'anywa," akasema. Nimeulizwa sana tangu siku ile nilijibu nini. Sikujibu. Lakini sikubaliani na wanaosema yule bwana alikuwa anadhihaki mila za kwao. Mtu hachongi mbao miaka kwa ajili ya dhihaka. Dhihaka inachoka mapema.

Mzee ndiye aliyenishangaza. Nilitegemea anune. Badala yake akaanza kutuhadithia, feni inapepea, habari za herufi zilivyomhangaisha maisha yake yote. Baba yake alimfundisha nyumbani hanzi za zamani. Shuleni akakuta serikali imezirahisisha, mpango wa 1956, akaambiwa asahau za baba. Mwaka 1977 zikarahisishwa tena, akazikariri hizo mpya kazini, na mwaka 1986 zikafutwa. "Kwa hiyo mimi," akasema akigonga kioo cha miwani, "kutojua kusoma nimekuzoea."

Nilimkumbuka bibi yangu. Bibi alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua ndefu kwa kaka yake aliyekuwa Pemba, anaweka na mashairi humo. Miaka ya 70 kampeni ya kisomo ilipofika mtaani, wakapita nyumba kwa nyumba, akaulizwa kama anajua ABC. Hajui. Akaandikwa hajui kusoma wala kuandika, akakalishwa darasani jioni na wenzake. Alikuwa akilisimulia hilo kila Ramadhani, na kila mwaka kwa maneno yale yale: "Niliingia najua, nikatoka najua, cheti tu ndicho kilichosema sikuwa najua." Zile barua za Pemba zipo kwenye kasha lake. Mimi mjukuu mwenye shule zangu siwezi kusoma hata moja. Naona ni mistari mizuri tu.

Nilijaribu kumweleza mzee habari hiyo. Kichina changu hakikutosha, rafiki yangu akatafsiri, na sijui nini kilifika upande wa pili, maana mzee alitikisa kichwa muda mrefu kisha akauliza Tanga kuna baridi.

Chumba kingine kilipangwa kama darasa. Madawati, wino, brashi, vitabu vya kufuatishia. Hii Xu Bing aliianza miaka ya 90 akiwa Marekani: ukiitazama unaona hanzi, lakini kila mraba ni neno la Kiingereza, herufi zake zimepindwa zikawa mistari ya brashi na kupangwa ndani ya kisanduku kimoja. Unasoma kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Nikakaa. Hapa hali ikageuka: rafiki yangu akaona hanzi, mimi nikaanza kuona A, kisha N, kisha D, kama mtu anayeona sura kwenye mawingu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Beijing, kitu chenye umbo la Kichina kilinifungukia mimi kabla yake.

Lakini Kiingereza cha nini? Alfabeti ni ile ile. Nikachovya brashi nikaandika BIBI. Nilihangaika na ile B ya kwanza, inaandikwa kama visanduku viwili vimebebana. I ya pili ikavimba kwa wino mwingi. Ilipokamilika ilikuwa kama hanzi ya mtu mwenye kifafa.

Mzee alikuwa ametufuata. Akasimama nyuma yangu, akanishika kifundo cha mkono bila kuomba, akakinyanyua: mkono usilale mezani. Brashi isimame wima. Niandike tena. Nikaandika tena, na ya pili ikakaa. Akaitazama kwa muda.

"Siijui," akasema.

"Ni bibi," nikamwambia. "Bi-bi. Mama yake mama."

"*Bǐ*?" Akaonyesha brashi niliyoishika. Kwa Kichina *bǐ* ndiyo hiyo, kalamu, brashi ya kuandikia. "*Bǐ bǐ*?"

Rafiki yangu akaanza kumsahihisha, nikamgusa mguu chini ya dawati amwache. Mzee akachukua brashi mkononi mwangu, akaikamua ukingoni mwa kidau, na pembeni ya BIBI yangu akaandika *bǐ* ya shuleni, mwanzi juu na manyoya chini, maana brashi ni manyoya kwenye mwanzi. Akasita. Kisha chini yake akaandika nyingine, ya baba yake, mistari mingi zaidi, haraka haraka kama mtu anayeogopa kuitwa.

Nikaishika karatasi niikunje, niitie kwenye mkoba.

"Subiri," akasema, akaipepea kwa feni yake. "Bado haijakauka."